Mchoro Nao Ni Mali: Usiuze Daftari Zima

Mhariri aliniomba niandike juu ya kazi za mikono, nikakubali. Lakini sitaandika juu ya kudarizi wala kusuka, maana hayo akina mama wanayajua kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni mali, nacho ni mchoro wenyewe.

Kama una kanga nyumbani, ichukue uisome pembeni. Sisemi yale maneno makubwa ya katikati, nasema yale maandishi madogo ya ukingoni. Kanga nyingi zinazotoka Mombasa zimeandikwa K.H.E., halafu MALI YA ABDULLA, na mara nyingi kuna namba ya mchoro ulioandikishwa. K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, jina la duka la tangu mwaka 1887. Sisi tumezoea kuona maneno hayo mpaka hatuyasomi tena. Lakini hebu tuulize: mali gani hiyo ya Abdulla? Kitambaa si chake, umekinunua wewe kwa pesa yako. Kilichobaki kuwa mali yake ni mchoro. Unaweza kuivaa kanga, kumbebea mtoto, hata kuikata uifanye pazia. Ila huwezi kuipeleka kiwandani ukachapisha nyingine elfu moja zenye mchoro uleule.

Na kitenge ni hivyohivyo. Wale tuliotoka Kongo tunajua waksi ya Uholanzi, ile ambayo mama anaiweka chini ya sanduku kwa ajili ya harusi. Kampuni ya Vlisco ilianza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, na mpaka leo jina lake huchapishwa ukingoni mwa kitambaa. Ukingo ule ni kama kitambulisho, unasema mchoro huu una mwenyewe.

Sasa niwaambie kwa nini nimeanza kufikiri haya mambo. Mama yangu anadarizi. Alianza kule Uvira akiwa msichana, na tulipofika hapa akaongeza ujuzi kwa kukaa na majirani zetu wa Sudani Kusini, wale wanaodarizi milaya za ndege na maua. Ana daftari la mraba, la hesabu, la kurasa 200. Humo ndani amechora michoro yake mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Tumeihesabu, ipo 41. Kuna samaki wa ziwa letu wamepangwa kama majani, kuna jogoo wawili wanaotazamana, kuna ua moja ambalo halipo duniani, yeye mwenyewe analiita ua la usingizi kwa sababu alilichora usiku mtoto alipokuwa mgonjwa.

Mwaka jana alikuja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini. Ana mashine za kudarizi, anatengeneza mashuka na vitambaa vya meza. Aliona kitambaa cha mama sokoni, akauliza mpaka akafika nyumbani kwetu. Akakaa, akanywa chai, akalifungua lile daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwisho akasema, "Mama, mimi nakusaidia. Nakupa shilingi elfu sita, nalichukua daftari." Elfu sita taslimu, pale pale.

Jamani, elfu sita si pesa ya kuchezea hapa kambini. Na kulikuwa na jambo jingine. Macho ya mama yameanza kuchoka. Kutunga uzi kwenye sindano sasa ananiita mimi au mdogo wangu. Kule kliniki walimwambia anahitaji miwani, na kwamba kazi ya sindano usiku kwa taa ndogo aipunguze. Kwa hiyo ile elfu sita ilikuwa na kazi tayari. Mama akamwambia yule baba arudi baada ya wiki mbili. Alipoondoka, akanigeukia. "Mwalimu," akasema, ndivyo anavyoniita tangu nianze kufundisha, "wewe ndiye uliyesoma. Niambie, nikimpa daftari ninabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi nimemaliza kidato cha nne tu, sijasoma sheria wala biashara. Lakini swali lilikuwa zuri, nikaenda kulitafutia jibu pale kituo cha kompyuta, siku tatu mfululizo baada ya vipindi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kule Marekani kuna mchoraji anaitwa Mary Engelbreit. Alizaliwa mwaka 1952 katika mji wa St. Louis. Hakwenda chuo kikuu. Baada ya sekondari alifanya kazi katika duka la vifaa vya uchoraji, baadaye katika ofisi ya matangazo. Ndoto yake ilikuwa kuchora vitabu vya watoto. Mwaka 1977 akabeba michoro yake akaenda New York kuwaonyesha wachapishaji. Hakupata kitabu. Aliambiwa ajaribu kadi za salamu, zile ambazo watu wanatumiana siku ya kuzaliwa na sikukuu. Ilimwuma, maana si hicho alichokifuata, lakini akarudi nyumbani akaanza kuchora kadi na kuziuzia kampuni. Mwaka 1983 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kadi.

Kilichonifungua macho ni jambo la mwaka 1986. Kuchapisha kadi, kuzihifadhi na kuzisambaza nchi nzima ni kazi ya kiwanda, si ya mchoraji. Basi kazi hiyo akawaachia kampuni nyingine, Sunrise Publications, lakini kwa leseni. Leseni maana yake ni ruhusa. Hakuwauzia michoro, aliwapa ruhusa ya kuitumia kwenye kadi. Michoro ikabaki yake. Na kwa kuwa ilibaki yake, aliweza kutoa ruhusa nyingine kwa wengine. Huyu achape kalenda, yule atengeneze vikombe, mwingine afume au achape vitambaa. Kila mmoja analipa kwa bidhaa anazouza. Ile ndoto ya vitabu nayo ilikuja. Mwaka 1993 kilitoka kitabu cha watoto cha hadithi ya Malkia wa Theluji chenye picha zake.

Wazazi wangu, fikirini kidogo juu ya hilo. Ng'ombe ukimuuza, amekwenda. Shamba likiwa lako unaweza kulikodisha msimu mmoja kwa mahindi, na msimu ukiisha linarudi kwako. Mchoro ni kama shamba, na tena una faida kuliko shamba, maana unaweza kuukodisha kwa watu watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akapanda chake bila kumkanyaga mwenzake.

Hiyo pesa inayolipwa kwa kila bidhaa inaitwa mrabaha. Tuchukue mfano wa hesabu kama tuko darasani. Kitambaa cha meza kinauzwa shilingi 500. Mmekubaliana mrabaha wa asilimia 4. Hiyo ni shilingi 20 kwa kila kitambaa. Vikiuzwa 10, una 200. Vikiuzwa 1,000, una 20,000. Na kama havikuuzwa hata kimoja, una sifuri. Ndiyo maana wachoraji wenye uzoefu huomba pia malipo ya awali, yaani pesa kidogo mkononi siku ya kutia sahihi, ambayo baadaye inakatwa kwenye mrabaha. Malipo ya awali yanakulinda na mtu anayechukua mchoro halafu anauweka kabatini.

Nikajiuliza, sasa hawa wachoraji wanakutana wapi na wenye viwanda? Jibu ni kwenye maonyesho ya biashara. Sisi tunajua maonyesho kama ile shoo ya Nairobi, watu wanakwenda kuona ng'ombe na trekta. Lakini kuna maonyesho ambayo bidhaa yake ni michoro mitupu. Huko New York yalianzishwa mwaka 1986 maonyesho yaitwayo Surtex, na kwa miaka mingi yalifanyika katika jumba la Javits Center sambamba na maonyesho makubwa ya kadi na karatasi. Kule Frankfurt, Ujerumani, kuna Heimtextil, maonyesho ya vitambaa vya nyumbani ambayo hufanyika Januari, yalianza mwaka 1971. Humo wenye viwanda vya mashuka, mapazia na zulia hupita kutafuta michoro ya msimu unaokuja.

Mchoraji anakodi kibanda kidogo, na kukodi si bei rahisi. Ukutani anatundika michoro michache mikubwa ili mpita njia asimame. Mingine iko ndani ya mafaili. Hapeleki mchoro mmoja mmoja, anapeleka familia ya michoro. Kuna mmoja mkubwa, halafu midogo inayofuatana nao kwa rangi, kwa sababu mwenye kiwanda anafikiria shuka, foronya na pazia vya chumba kimoja. Anaonyesha pia jinsi mchoro utakavyokaa kwenye bidhaa yenyewe. Mnunuzi akipenda, anaacha kadi yake na mazungumzo yanaendelea baada ya maonyesho, wakati mwingine miezi. Na kwenye vibanda hivyo mara nyingi kuna tangazo la kukataza kupiga picha. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Kumbe ndiyo ulinzi wenyewe. Picha moja ya simu inatosha mtu kuondoka na mchoro bila kulipa senti.

Hapo nikafikiria Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Si huwa tunapanga kazi zetu mezani, na wageni wanapita na simu zao wakipiga picha kila kitu, nasi tunafurahi na kutabasamu? Mimi sisemi tuwafukuze wageni. Nasema kitambaa kilichomalizika kiwe mezani, lakini daftari la michoro libaki nyumbani limefungwa.

Vijana najua mtaniuliza, mwalimu, kuna ubaya gani kuuza moja kwa moja na kupata pesa yako leo? Angalieni fulana na viatu vya mitumba mlivyovaa. Ile alama ya Nike, kama mkwaju uliopinda, ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi wa kike wa chuo huko Portland, Carolyn Davidson. Alilipwa dola 35, kazi ikaisha. Wakati ule kampuni ilikuwa changa, hakuna aliyejua itafika wapi. Mwaka 1983 kampuni ilimpa pete na hisa kama shukrani, na hilo ni jema. Lakini shukrani ni hiari ya anayetoa, haidaiwi. Mkataba unadaiwa.

Na hapa kwetu lipo jambo dogo lililomkuta jirani yetu mmoja. Alimpa mnunuzi mchoro wake wa ndege kwa shilingi 200, hakuna karatasi, maneno tu. Miezi michache baadaye akadarizi ndege wake kwenye shuka nyingine, yule mnunuzi akamjia juu, ati huyo ndege amekwisha kuuzwa, asimdarizi tena. Mama wa watu alikaa kimya, maana hakukumbuka walivyokubaliana. Mimi namwonea huruma mpaka leo. Kuuza kabisa maana yake inaweza kuwa hata wewe mwenyewe umefungiwa mlango.

Mtu mwingine atasema, hayo ni ya Wazungu wenye nchi yao, sisi wakimbizi tutadai wapi. Mimi nilifikiri hivyohivyo. Halafu nikasoma habari za mwanamke mmoja, Jacqueline Groag. Alizaliwa Prague mwaka 1903, akasomea uchoraji wa vitambaa Vienna, akapata medali katika maonyesho ya Milan mwaka 1933 na ya Paris mwaka 1937. Mwaka 1938 utawala wa Hitler ulipoingia Austria, yeye na mume wake, ambao walikuwa Wayahudi, wakakimbilia Prague. Huko nako hakukukalika, na mwaka 1939 wakafika London. Alifika akiwa mkimbizi kama wewe na mimi. Vita vikaja juu yao huko nako. Lakini mkono wake ulikuwa nao. Mwaka 1946 Binti Mfalme Elizabeth, yule ambaye baadaye alikuwa Malkia wa Uingereza, alivaa gauni la kitambaa chenye maua aliyoyachora mkimbizi huyu. Mwaka uleule London ilifanya maonyesho makubwa ya bidhaa za viwanda vya Uingereza, na mwaka 1951 yakafuata mengine makubwa zaidi, na kazi zake zilikuwemo. Aliendelea kuchorea viwanda vingi, vitambaa, karatasi za ukutani, zulia, mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1986.

Na sheria je? Hapa ndipo nilipopata jambo ambalo nataka kila mzazi alijue, hata kama mengine yote atasahau. Ule Mkataba wa Wakimbizi wa Geneva wa mwaka 1951, ambao tunausikia kila siku kwenye mikutano, una Ibara ya 14. Ibara hiyo inahusu mali za ubunifu, ikiwemo michoro ya viwandani na kazi za sanaa. Inasema kwamba mkimbizi, katika nchi anayoishi, apewe ulinzi uleule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Siyo nusu yake, uleule. Kenya ilijiunga na Mkataba huo mwaka 1966. Na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na bodi iitwayo KECOBO, na ina Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka huohuo, ambayo ofisi yake KIPI huandikisha michoro ya bidhaa. Mimi nimeishi kambini karibu maisha yangu yote, nimesikia Mkataba huo ukitajwa kwa chakula, kwa usalama, kwa shule. Sikuwahi kusikia kwamba waliouandika walimkumbuka hata mtu mwenye kalamu na daftari.

Lakini tusidanganyane. Sheria inamsaidia mwenye ushahidi, na kufika ofisi za Nairobi kwetu si kazi ndogo, kibali chenyewe mnajua. Tena si kila mchoro ni wako. Milia ya kikapu ambayo bibi zetu wote walisuka, au msalaba na nyota ambazo kila mtu anadarizi, hizo ni za wote, hakuna anayeweza kusema ni zake peke yake. Chako ni kile ulichokitunga wewe, jinsi ulivyopanga. Mama nilipomweleza hivyo, alilichukua daftari akapitia mwenyewe kwa penseli. Kwenye michoro 41 akaweka alama kwenye 12, akasema, "Hii niliikuta, si yangu." Zikabaki 29. Nilijifunza kitu kwa uaminifu wake ule.

Tukaandika karatasi moja. Mimi niliandika kwa mkono, nakala mbili, Kiswahili cha kawaida. Tuliweka majibu ya maswali sita, na haya nawapa nanyi mkate muweke kwenye Biblia au Kurani au popote mnapotunza vyeti:

1. Ni mchoro gani hasa? Uchore pale pale kwenye karatasi au ubandike nakala, usiuelezee kwa mdomo.

2. Ni kwa bidhaa gani? Shuka ni shuka. Akitaka fulana, ni ruhusa nyingine.

3. Ni kwa muda gani? Andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Muda ukiisha mchoro unarudi kwako.

4. Ni yeye peke yake au na wengine? Akitaka awe peke yake, alipe zaidi.

5. Ni pesa ngapi, na lini? Malipo ya awali kiasi gani, mrabaha kiasi gani kwa kila kipande, na hesabu itafanywa kila baada ya miezi mingapi.

6. Jina la nani litaonekana? Uliza kama jina lako au alama yako inaweza kuwekwa ukingoni.

Chini weka majina, sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili, mmoja wa kwako na mmoja wa kwake. Hata kabla ya hapo, kila mchoro uandikwe tarehe siku unapouchora, na mtu mmoja unayemwamini auone. Kama kuna simu nyumbani, piga picha kila ukurasa uitunze. Hayo hayahitaji pesa wala kibali.

Wiki mbili zilipoisha, yule mfanyabiashara alirudi. Mama alimkaribisha chai kama mara ya kwanza, akampa karatasi. Yule baba akaisoma, akacheka kidogo, akasema mambo ya karatasi ni ya Nairobi, hapa watu wanaaminiana. Mama akamjibu, "Baba, nakuamini. Ndiyo maana nataka tuandike." Akaondoka bila kutia sahihi. Nyumbani siku hiyo palikuwa kimya. Mdogo wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kulieleza, maana naye alikuwa ameipangia ile elfu sita. Mama hakusema neno, akaendelea na kitambaa chake karibu na mlango, kwenye mwanga.

Baada ya mwezi na siku kadhaa alirudi. Akachukua michoro miwili tu, jogoo wanaotazamana na lile ua la usingizi. Ruhusa ya mwaka mmoja, kwa mashuka na vitambaa vya meza, shilingi 20 kwa kila kipande, na malipo ya awali shilingi 600. Hesabu kila miezi mitatu. La jina ukingoni alikataa, mama akaliacha kwa sasa. Wakatia sahihi, mashahidi wakatia sahihi.

Hesabu ya kwanza imefika. Vilikuwa vipande 90, yaani shilingi 1,800. Ukitoa zile 600 za mwanzo, amepokea 1,200, zimekuja kwenye simu ya mjomba. Nawaambieni ukweli, kwa jumla bado ni pungufu sana kuliko elfu sita, na mpaka ifike huko ni lazima viuzwe vipande 300. Miwani bado hatujaipata. Kuna usiku nafikiri kama nilimshauri vizuri, maana macho ni macho, hayasubiri robo mwaka.

Nilimwuliza mama juu ya hilo wiki iliyopita, tukiwa tunapepeta mahindi ya mgao. Akasema, zamani alikuwa akipata pesa siku anayodarizi tu, na siku ambayo hakudarizi hakupata. Sasa wale jogoo wanakwenda sokoni yeye akiwa amelala. "Mkono wangu utafika mahali usimame," akasema, "lakini daftari halijasimama." Nami nikahesabu moyoni. Michoro 27 bado ipo, haijakodishwa kwa mtu. Na hii miwili nayo mwakani inarudi.

Wazazi wangu, sisemi kila mtu afanye kama sisi. Kuna siku shida inakubana na unauza, hakuna wa kukulaumu. Lakini ukiuza, ujue unachouza. Ukimpa mtu kitambaa, umempa kitambaa. Ukimpa daftari, umempa na vitambaa vyote ambavyo vingetoka humo, na vya watoto wako pia.

Kuna pia njia za kufika kwenye yale maonyesho makubwa bila kupanda ndege. UNHCR ina mpango unaoitwa MADE51, ambao unashirikiana na biashara za kijamii kutengeneza na kuuza kazi za mikono za wakimbizi wa nchi mbalimbali, na kazi hizo zimewahi kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Ambiente kule Frankfurt. Vikundi vyenu vikifikiwa na mtu kwa niaba ya mpango wowote wa namna hiyo, msikilizeni vizuri, na mwulizeni yale maswali sita bila woga. Mtu mwema hachukii kuulizwa.

Vijana wangu wa darasa la saba, ninyi mnaojua kusoma na kuandika, hii ni kazi yenu. Mama au shangazi akiwa na michoro yake, kaa naye jioni moja, weka tarehe kila ukurasa, hesabu iko mingapi. Na mama akiletewa karatasi, msomee yote kabla hajaweka dole gumba, hata ile ya maandishi madogo ya chini.

Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi, saa nne asubuhi, nitakuwa darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Mwenye mkataba wa kuandika au wa kusomewa aje, ni bure. Njooni na kalamu zenu tu, maana za shule zimekwisha.

Nawatakia mwezi mwema, na Mungu awalinde nyote.

Mwalimu wenu wa kujitolea